Ukiona vyalia, vimeundwa: Fundi wa Olympic na sera isiyomwona

Kila msimu wa bajeti unapowadia, viongozi wetu hupenda kutaja maneno mawili: jua kali na ubunifu. Watu wa jua kali huahidiwa vibanda, mikopo na masoko. Wabunifu huahidiwa majukwaa, mashindano na malipo ya haki. Ahadi hizi hutoka katika wizara tofauti, husomwa katika kurasa tofauti za gazeti, na aghalabu hazikutani. Leo nataka kumzungumzia mtu aliyesimama katikati yake, ambaye hata moja ya ahadi hizo haimfikii: fundi anayemuundia mwanamuziki vyombo vyake.

Wazee wetu wa Pwani walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Jahazi likipita mkondoni tanga limejaa upepo, watazamaji humsifu nahodha. Wachache humkumbuka fundi aliyeketi juani kule Matondoni akilikalafati. Muziki nao ni vivyo hivyo. Gitaa likilia jukwaani, mpigaji hupigiwa makofi, na kuna kitu sakafuni miguuni mwake ambacho hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Kitu hicho ni ubao wa pedali, na nimekichagua kiwe mfano wangu kwa sababu ni kidogo. Sera ikishindwa kumwona fundi wa kitu kidogo, usitarajie itamwona wa kikubwa.

Najua miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu wako ambao muziki si shughuli yao, na wengine wana msimamo wao wa dini kuhusu gitaa. Nawaheshimu. Makala hii haitoi hukumu ya gitaa. Inahusu fundi, kazi ya mikono yake, na kwa nini riziki yake hukatika njiani.

Kitu chenyewe ni nini?

Gitaa la umeme peke yake lina sauti kavu. Sauti hiyo hupitishwa kwa kebo ndani ya visanduku vidogo vya chuma kabla ya kufika kwenye amplifaya. Kisanduku kimoja huongeza mwangwi, kingine huikwaruza sauti ikawa kali, kingine humsaidia mpigaji kukaza nyuzi zake bila kelele kusikika. Visanduku hivi ndivyo pedali. Hubonyezwa kwa mguu kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi.

Mwenye pedali moja hana taabu. Mwenye sita ana kebo saba za sauti na waya sita za umeme, zote zikitambaa sakafuni kama mizizi ya mkoko. Akikanyaga moja vibaya, sauti inakatika mbele ya watu. Ndipo ubao unapohitajika: fremu moja inayozishika pedali zote mahali pake, yenye mteremko kidogo ili mguu uifikie safu ya nyuma bila kuigusa ya mbele, na yenye nafasi katikati za kushusha waya chini.

Zipo mbao za kiwandani kutoka Marekani, Japani na Uchina. Lakini mbao hizo zilibuniwa kwa mtu mwenye gari, anayepakia vyombo vyake kwenye buti. Nyingine huuzwa pamoja na kifaa cha umeme kilichotengenezewa volti 120 za Marekani. Kichomeke bila kusoma maandishi kwenye soketi zetu za volti 240 na utanusa moshi kabla ya wimbo wa kwanza. Bei yake nayo haiji peke yake. Huja na nauli ya kuusafirisha, ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, na juu ya hayo yote VAT ya asilimia 16. Kijana anayelipwa kwa usiku mmoja hotelini hawezi kuikaribia.

Mafundi wanne ndani ya mwendo mfupi

Nina mpwa wangu anayeishi Olympic, Nairobi. Kwa asiyepajua, Olympic iko upande wa juu wa Kibera, kandokando ya Kibera Drive, na wengi waliisikia kwa mara ya kwanza kupitia shule yake ya msingi iliyokuwa iking'ara katika mitihani ya KCPE. Jirani yake kuna mtaa unaoitwa Fort Jesus. Mpwani akisikia kondakta akiliita jina hilo katikati ya Nairobi huweza kudhani amelala garini akaamka Mombasa. Ukiteremka kidogo unaingia Makina, kwenye msikiti na nyumba za Wanubi, wajukuu wa askari wa Kisudani walioletwa na Waingereza na kukaa hapo tangu mwanzo wa karne iliyopita.

Mpwa wangu hupiga gitaa hotelini na harusini. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa akiundiwa ubao, nikaomba tufuatane. "Mjomba, utachoka bure," aliniambia. Sikuchoka. Niliyoyaona ndiyo yaliyonifanya niandike.

Fundi mkuu ni mchomeleaji. Kazi yake ya kila siku ni milango, madirisha ya vyuma na yale masanduku ya bati ya watoto wa shule za bweni. Mbao za pedali alizianza kwa ombi la kijana mmoja wa kanisani, na wateja wake wengi hadi leo ni vijana wapigao gitaa makanisani, pande za Kibera na Kawangware. Hapendi jina lake litajwe, nami nitamwita fundi tu.

Alianza kwa kutandika gazeti sakafuni. Akamwambia mpwa wangu azipange pedali zake juu ya gazeti kama anavyozitumia, asimame, apige gitaa bila sauti, na mguu uende unakotaka kwenda. Akamtazama. Kisha akazihamisha mbili. "Hii unaibonyeza mara nyingi, isikae nyuma," akasema. Baada ya hapo ndipo akachukua penseli na kuchora mipaka ya kila moja.

Hesabu yake haikuwa ya kubahatisha. Pedali za kampuni ya Boss ya Japani, ambazo ni nyingi mitaani, zina upana wa milimita 73 hivi. Sita zikikaa mstari mmoja ni karibu sentimita 44. Kati ya moja na nyingine panatakiwa nafasi ya kichwa cha kebo, sentimita mbili na nusu. Nafasi tano ni sentimita 12 na nusu. Jumla ni sentimita 56 na ushee. Akaandika 60. Kisha akauliza swali ambalo hakuna kiwanda cha ng'ambo kingeliuliza: "Unasafiri na nini, matatu au boda?"

Jibu lilikuwa boda boda. Kwa hiyo ubao wa sentimita 60 ukavunjwa ukawa safu mbili fupi, ili uweze kukaa mgongoni mwa abiria bila kugonga magari foleni inapokaza. Akapunguza chuma, akaweka alumini kwenye pembe. Akaongeza kifuniko chenye komeo mbili, zilezile za masanduku ya shule, kwa sababu ya mvua na vumbi. Hicho ndicho kipimo cha kazi ya kuagiza: kitu kinafuata maisha ya mtu anayekitumia.

Lakini fundi huyo hakuimaliza kazi peke yake. Vipande vya mbao vya juu vilikatwa na seremala aliye vibanda vichache kutoka kwake. Waya za umeme zilipelekwa kwa fundi wa simu, kijana mwenye kikaango cha risasi na miwani ya kukuzia. Huyo ndiye aliyeeleza kwamba pedali nyingi hutaka volti 9, na kwamba kwa kawaida hasi huwa katikati ya plagi na chanya pembeni, kinyume cha vifaa vingi vya nyumbani. Ukikosea, pedali inaungua. Akaongeza pia kwamba pedali zote zikilishwa kwa mstari mmoja wa umeme, baadhi zitaanza kunguruma, na akazitenga. Mwisho fundi cherehani akashona mfuko wa turubai wenye mikanda.

Mchomeleaji, seremala, fundi wa simu, fundi cherehani. Mafundi wanne, kazi moja, na hakuna aliyepanda gari kumfikia mwenzake. Kigezo kilichokosewa na mmoja kilirudishwa kwa miguu na kurekebishwa kabla chai haijapoa. Hapa ndipo nguvu ya mtaa ule ilipo. Mashine zao ni za kawaida, na mtaji wao ni mdogo. Utajiri wao ni ukaribu.

Ukaribu unaovunjika kwa mara moja

Sasa tazama jinsi utajiri huo unavyolindwa.

Mwezi Julai 2018, matinga yaliingia Kibera kufungua njia ya barabara inayounganisha Ngong Road na Lang'ata Road. Maelfu ya watu walikosa makao, na shule zikabomolewa pamoja na nyumba. Barabara ilihitajika, sina ubishi. Lakini mjadala wa fidia ulihusu zaidi nyumba na kodi, kwani hivyo ndivyo vinavyoonekana katika orodha ya serikali. Kibanda cha mchomeleaji kilichokuwa hatua thelathini kutoka kwa seremala hakina safu katika orodha hiyo. Ukiwahamisha mafundi wanne katika pande nne za jiji, kila mmoja atapata kazi ya kufanya huko aendako. Ubao wa pedali hautaundwa tena. Kila safari ya kurekebisha kosa itakuwa nauli, na nauli nne hula faida yote.

Mafundi wa samani wa kandokando ya Ngong Road walipitia kisa kama hicho barabara ile ilipopanuliwa. Waliokuwa wakionyesha vitanda na makochi yao kwa kila mpita njia walilazimika kurudi nyuma au kuhama.

Mzizi wa haya ni ardhi. Wanubi wenyewe, ambao serikali ya kikoloni iliwatengea zaidi ya ekari 4,000 hapo Kibra, walingoja hadi mwaka 2017 ndipo wakakabidhiwa hati ya ekari 288. Ikiwa jamii yenye historia ya zaidi ya miaka mia moja mahali pamoja imengoja hivyo, fundi mpangaji wa kibanda anashika nini mkononi? Hawezi kufunga mashine nzito sakafuni. Hawezi kuhifadhi mbao zikauke miezi sita kama inavyotakiwa. Kila kitu chake lazima kiwe cha kubebeka usiku mmoja. Tukiuliza kwa nini mafundi wetu hawakui, jibu mojawapo ni hilo: mti haukui ndani ya gunia.

Mkopo wa siku 14 kwa kazi ya kuagiza

Serikali husema imemkumbuka mtu mdogo kupitia mikopo. Hustler Fund ilizinduliwa tarehe 30 Novemba 2022. Mkopo wa mtu binafsi ni kati ya shilingi 500 na 50,000, riba ni asilimia 8 kwa mwaka, na unatakiwa kurudishwa ndani ya siku 14. Kwa mama muuza mboga anayenunua asubuhi na kuuza jioni, muda huo unaweza kutosha. Kwa fundi wa kuagiza ni kitanzi. Siku ya kwanza anapima. Anangoja pedali ya mwisho ya mteja ifike. Ananunua alumini. Mteja analipwa mwisho wa mwezi, naye analipa baada ya kulipwa. Siku 14 zimepita na ubao umeegemezwa ukutani.

Na ubao huo, mteja akiukimbia, haumfai mtu mwingine. Umekatwa kwa mguu wake. Mlango wa chuma usiochukuliwa hupata nyumba nyingine, lakini ubao wa pedali usiochukuliwa ni chuma chakavu.

Waislamu tuna neno la jambo hili, na ni ajabu tumeliacha likae madarasani. Istisnaa ni mkataba wa kuundiwa kitu ambacho bado hakipo. Kitu hicho kielezwe wazi: kipimo chake, malighafi yake, umbo lake. Bei ijulikane. Malipo yanaweza kuja mwanzoni, kwa mafungu, au mwisho, kwa makubaliano. Wanazuoni, hasa wa madhehebu ya Hanafi, waliueleza kwa kirefu kwa sababu walikaa na mafundi wa viatu na wa vyombo, wakaona kwamba mtu wa kazi hii hahitaji hasa mkopo. Anahitaji mteja aliyefungwa na neno lake. Leo benki za Kiislamu duniani huutumia mkataba huu kujengea majumba na meli. Hakuna kinachouzuia kutumika kwa fremu ya sentimita 60. Karatasi moja ya Kiswahili, mistari kumi, sahihi mbili, na malipo ya kwanza yanayotosha kununua malighafi. Haihitaji Muislamu wala Mkristo. Inahitaji mtu anayetimiza ahadi.

Kodi inayohesabu jasho pamoja na chuma

Upande mwingine wa sarafu ni ushuru. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha kodi ya mauzo kwa biashara ndogo kutoka asilimia 1 hadi 3, kwa wenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Kodi hii hukatwa kwenye mauzo yote. Haiulizi faida.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme ubao mmoja unauzwa shilingi 6,000, na chuma, alumini, mbao, waya na malipo ya wale mafundi watatu ni shilingi 4,000. Mkuu wa kazi anabaki na 2,000. Kodi ya asilimia 3 ya 6,000 ni shilingi 180. Ukiilinganisha na kile alichobaki nacho, ni asilimia 9. Anayenunua kreti za soda na kuziuza ana mzunguko wa haraka wa kufidia. Fundi wa kuagiza hana. Fundi mdogo anaweza kusema mauzo yake hayafiki milioni moja, na huenda ni kweli. Hapo ndipo tatizo lilipo: sheria inampa sababu ya kubaki chini ya mstari, asiandikishe, asikue.

Na asipoandikisha, milango mingine inafungwa. Tangu Januari 2024 mfanyabiashara anayetaka gharama yake ikubaliwe na KRA anatakiwa awe na ankara ya eTIMS. Hoteli, studio au shule ikitaka masanduku kumi ya kubebea vyombo vya muziki, mhasibu atauliza ankara. Fundi wa Olympic hana. Oda inakwenda kwa muuzaji wa bidhaa za nje mwenye duka na ankara, hata kama kitu chake hakitoshei kwenye boda.

Diploma ukutani, ujuzi mkononi

Mimi nina diploma yangu, imo kwenye fremu nyumbani. Fundi wa Olympic hana karatasi yoyote. Lakini yeye alimtazama mtu akipiga gitaa bila sauti, akajua mguu wake utakwenda wapi. Ujuzi huo hukuufundishwa darasani wala mimi sikuufundishwa.

Kenya ina njia mbili za kumpa mtu kama huyo karatasi. NITA hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na KNQA inasimamia mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Ni mipango mizuri. Kasoro ni kwamba imepangwa kwa majina ya kazi yanayojulikana: uchomeleaji, useremala, ushonaji. Anayeunganisha yote matatu pamoja na umeme mdogo wa volti 9 hana chumba chake. Atapimwa kama mchomeleaji wa kawaida, na kile kinachomtofautisha na wengine kitaachwa mlangoni.

Hali ni hiyo pia kwa ubunifu wake. Umbo la kitu laweza kusajiliwa na Taasisi ya Kenya ya Mali ya Viwanda, KIPI, likalindwa kwa miaka mitano, na kuendelezwa mara mbili hadi kufika 15. Wangapi kati ya mafundi wa Kibera na Kawangware wanalijua hilo? Ubao wa safu mbili unaokunjwa kwa ajili ya boda boda ni wazo ambalo lingeuzika Kampala, Dar es Salaam na Kinshasa, popote mwanamuziki anapopanda pikipiki na gitaa lake. Siku kiwanda cha mbali kitakapoliona mtandaoni na kulitengeneza kwa maelfu, tutalinunua bandarini Kilindini kama kitu kigeni.

Kwa nini Mpwani ajali?

Msomaji wa Kisauni au Malindi anaweza kusema: haya ni ya Nairobi. La hasha. Historia ya gitaa Kenya haiwezi kuandikwa bila Pwani. Marehemu Fundi Konde, Mgiriama wetu, alipiga muziki katika kikosi cha burudani cha jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kulipiga gitaa la umeme nchini. Them Mushrooms walitoka Mombasa, na "Jambo Bwana" yao ya 1982 imezunguka dunia. Kwa upande wa udi tulikuwa na Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 2016. Wote hao tumewaimba na kuwaenzi, angalau baada ya kufa.

Sasa taja fundi mmoja aliyewaundia vyombo. Unaona? Tunasema mcheza kwao hutunzwa, na tunamtunza mchezaji. Aliyemuundia hatuna hata jina lake. Na mji wenye mikono iliyochonga milango ya Lamu hauwezi kudai kwamba haukuwa na mikono ya kuchonga udi.

Sera ya leo inarudia kosa lilelile. Mpango wa Talanta Hela ulipozinduliwa mwaka 2023, mazungumzo yalikuwa ya wachezaji na wasanii, watu wa mbele ya kamera. Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 nayo iliunda mamlaka, MSEA, ambayo macho yake yako kwenye vibanda na vyama vya mafundi. Tangu Shirika la Kazi Duniani lilipotoa ripoti yake kuhusu ajira Kenya mwaka 1972, tumekuwa tukisifu jua kali, na leo zaidi ya asilimia 80 ya ajira zetu nje ya kilimo kidogo ziko huko. Sifa za nusu karne bado hazijazaa dawati moja linalomwuliza msanii: vyombo vyako nani anakuundia?

Nini kifanyike

Kwanza, mpango wowote wa barabara au nyumba katika mitaa kama Kibera na Kawangware, na kwetu Majengo na Kongowea, uhesabu warsha pamoja na nyumba, na uandike nani hufanya kazi na nani. Wakihamishwa, wahamishwe pamoja.

Pili, Hustler Fund iwe na mkopo wa kazi ya kuagiza, unaolipwa kazi inapokabidhiwa badala ya siku 14, na uwepo pia mkondo usio na riba kwa anayeikwepa.

Tatu, kodi ya mauzo kwa mwenye kutengeneza itozwe baada ya kutoa gharama ya malighafi. Anayegeuza chuma kuwa kitu kipya si sawa na anayekipitisha tu mkononi.

Nne, serikali tayari ina sheria inayotenga asilimia 30 ya zabuni zake kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Shule, vituo vya utamaduni na bendi za serikali zinanunua vyombo vya muziki na masanduku yake kila mwaka. Zabuni hizo zigawanywe ziwe ndogo za kutosha mchomeleaji na wenzake watatu kuziomba pamoja kama kikundi.

Tano, na hili ni letu wenyewe wateja: tulipe malipo ya kwanza, tuandike tulichokubaliana, na tukichukue tulichoagiza. Mpiga gitaa anayelalamika kwamba promota alimdhulumu ujira wake, kisha akamkimbia fundi wake, hana la kusema.

Kwa Pwani nina ombi moja mahususi. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inazitaka serikali za kaunti ziwasilishe waraka wa mikakati ya bajeti katika mabunge yao kufikia tarehe 28 Februari kila mwaka, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili. Kabla ya hapo, wananchi wanaalikwa kutoa maoni. Mombasa, Kilifi, Kwale na Lamu kila mwaka hutenga fedha za tamasha na utamaduni. Nendeni kwenye vikao hivyo mkaombe fungu moja la warsha ya kuunda na kukarabati vyombo vya muziki, udi na ngoma pamoja na mbao za pedali, ikishirikiana na Kenya Coast National Polytechnic kwa upande wa vyeti. Muulize afisa aliyekaa mbele swali moja la moja kwa moja: katika fedha za tamasha la mwaka huu, shilingi ngapi zimekwenda kwa aliyepanda jukwaani, na ngapi kwa aliyeunda alichopanda nacho? Mwacheni ajibu kwa tarakimu.